Kusokota uzi wa pamba kwa nyumbu: mwongozo kamili, kama kazi ilivyofanyika Oldham miaka ya 1880

Uzi ukikatika kwenye pia, ile fimbo nyembamba inayozunguka na kuusokota, usiilaumu pia. Mzee aliyenifundisha kazi katika chumba cha kusokotea alikuwa akinijibu hivyo kila nilipomwita nikiwa na spana mkononi. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufuatilia jinsi mafundi wa Lancashire, Uingereza, walivyosokota pamba karne ya 19, nilikuta nao wanafuata kanuni ileile: kosa unaloliona kwenye uzi limefanyika nyuma, hatua mbili tatu kabla. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye robota, na utachelewa kufika kwenye mashine yenyewe ya kusokotea. Vumilia.

Tuseme uko Oldham, mji wa Lancashire uliokuja kuwa na pia nyingi za pamba kuliko mji mwingine wowote duniani. Umekabidhiwa jozi ya mashine, na oda ni uzi namba 36 wa mtande, yaani wa kwenda kwa urefu wa kitambaa, kwa pamba ya Marekani.

Mashine hiyo iliitwa nyumbu, na jina lilistahili. Samuel Crompton wa Bolton aliiunda mwaka 1779 kwa kuzalisha mashine mbili pamoja: rola za kuvuta pamba alizokwisha kuzitumia Richard Arkwright, na gari la kwenda na kurudi lililofanana na lile la James Hargreaves. Farasi na punda, basi mtoto nyumbu. Kwa miaka mingi gari lilirudishwa kwa nguvu za mikono na goti la msokotaji, mpaka Richard Roberts wa Manchester alipounda nyumbu wa kujiendesha, akapata hataza ya kwanza mwaka 1825 na ya pili mwaka 1830. Huyo ndiye tutakayemwendesha.

Kabla ya yote, elewa namba

Namba ya uzi wa pamba kwa kipimo cha Kiingereza ni idadi ya mafundo, yaani vitita vya uzi, yenye urefu wa yadi 840 kila moja yanayopatikana katika ratili moja ya uzi. Uzi namba 36 maana yake ratili moja inatoa mafundo 36, yaani yadi 30,240. Namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Wageni wengi hulichukulia kinyume, na hasara yake ni kubwa, kwa hiyo lishike.

Namba ndiyo inayokupa msokoto. Kanuni ya Lancashire kwa uzi wa mtande wa nyumbu na pamba ya Marekani: tafuta kipeuo cha pili cha namba, zidisha kwa 3.75. Kipeuo cha pili cha 36 ni 6, mara 3.75 unapata mizunguko 22.5 kwa kila inchi. Uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana wa kitambaa na ambao hauvutwi sana kwenye kitanda cha mfumi, ulizidishwa kwa 3.25 tu ili ubaki laini na ujaze kitambaa.

Hatua ya kwanza: kuchanganya pamba

Marobota hayafanani, hata yakitoka shamba moja. Kwanza pima urefu wa nyuzinyuzi kwa mkono. Chukua kitita kidogo, kishike kwa vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili, kivute mpaka kigawanyike. Weka nusu moja juu ya nyingine, vuta tena, tupa zile fupi zinazobaki pembeni. Rudia mara nane au kumi. Nyuzinyuzi zitalala sambamba kama nywele zilizochanwa. Zilaze juu ya mkono wa koti jeusi uzipime. Pamba ya kawaida ya Marekani ilikaribia inchi moja, ya Misri ilizidi hapo, na ya Surat kutoka India ilikuwa fupi zaidi. Andika kipimo hicho ukutani, utakihitaji kwenye rola.

Kisha fungua marobota kadhaa na utandaze pamba sakafuni tabaka juu ya tabaka: robota la kwanza chini, la pili juu yake, hivyo hivyo mpaka rundo lipande. Unapochota, usichote juu. Chota kwa kukata ubavu wa rundo kutoka juu hadi chini, ili kila mkumbo uwe na kidogo cha kila robota. Na usiikimbize: pamba iliyoshindiliwa robotani na kuvuka bahari inahitaji kupumua kabla ya kupigwa.

Hatua ya pili: kupiga na kuchana

Sehemu ya kupiga nitaipita haraka. Pamba inaingia kwenye mashine zenye mapanga yanayozunguka kwa kasi, taka nzito zinaanguka chini ya vyuma vya chekecheke, feni inavuta pamba iliyolegea, na mwishowe inatoka kama mkeka mnene uliokunjwa kwenye rola. Pima uzito wa kila mkeka. Ukiwa mzito au mwepesi kupita kiasi, urudishe mwanzo bila huruma.

Mashine ya kuchana ina ngoma kubwa, kipenyo chake kama inchi 50, iliyovikwa ngozi au kitambaa chenye meno membamba ya waya kwa maelfu. Juu yake kuna bapa zenye meno yanayotazamana na ya ngoma, na nafasi kati yao ni ndogo kiasi kwamba fundi huipima kwa bamba jembamba la chuma. Pamba inapita katikati ya meno hayo, inafunguka unywele mmoja mmoja, kisha ngoma ndogo inaichukua ikiwa utando mwepesi kama wa buibui. Utando unakusanywa kupitia tundu, unakuwa utepe mlegevu unene wa kidole, na kujikunja wenyewe ndani ya pipa refu la bati.

Simama mbele ya mashine hii asubuhi, uinamishe kichwa ili mwanga wa dirishani upite kwenye utando. Ukiona vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, hivyo ni vifundo vya nyuzinyuzi. Meno yamekuwa butu au bapa ziko mbali mno. Noa meno kwa rola ya msasa, safisha takataka zilizojaa katikati yake, pima nafasi upya. Kifundo kinachopita hapa hakuna mashine ya mbele itakayokitoa.

Vumbi la chumba hiki liliwaua watu polepole. Wachanaji walianza kukohoa na kubanwa kifua, hasa Jumatatu waliporudi kutoka mapumziko, na wengi hawakupona. Leo barakoa na mashine za kufyonza vumbi zipo. Asiyezitumia hana kisingizio.

Hatua ya tatu: kuvuta, na hapa ndipo uzi unapotengenezwa

Ningelazimika kuchagua hatua moja tu ya kuisimamia mwenyewe, ningechagua hii. Utepe uliotoka kwenye kuchana una sehemu nene na nyembamba, na nyuzinyuzi zake zimelala hovyo. Fremu ya kuvuta inapokea tepe sita kwa pamoja na kuzipitisha kwenye jozi nne za rola. Kila jozi inazunguka kwa kasi kuliko iliyotangulia, na ile ya mwisho mara sita kuliko ya kwanza. Sita zimeingia, zimenyooshwa mara sita, umetoka utepe mmoja unene uleule.

Utauliza tumepata nini. Tumepata usawa. Penye wembamba katika utepe mmoja pamekutana na penye unene katika mwingine, na nyuzinyuzi zimelala sambamba kwa kuvutwa. Chukua tepe sita zilizotoka, zirudishe kwenye fremu ya pili, kisha ya tatu. Sita mara sita mara sita: kila kipande cha utepe wa mwisho kimechanganya vipande 216 vya ule wa kwanza.

Sasa angalia kinachotokea utepe mmoja ukikatika au pipa likiisha bila mtu kuona. Tano zinaingia badala ya sita, na kinachotoka ni chembamba kwa moja ya sita. Yadi chache za utepe huo mwembamba zitavutwa huko mbele na kuwa maelfu ya yadi za uzi dhaifu. Kwa hiyo kila utepe ulipita juu ya kijiko kidogo cha chuma kilicholazwa kwa uzito wake. Ukikatika, kijiko kinainuka na mashine inasimama. Kila asubuhi kata utepe mmoja kwa makusudi uone kama fremu itasimama. Isiposimama, kijiko kimejaa mafuta na manyoya ya pamba.

Nafasi kati ya rola ndiyo ile uliyoiandika ukutani. Umbali kati ya mbano wa jozi moja na mbano wa inayofuata uwe mkubwa kidogo kuliko urefu wa nyuzinyuzi. Ukiwa mdogo, unywele mmoja unashikwa na jozi mbili zenye kasi tofauti, unakatika. Ukiwa mkubwa mno, nyuzinyuzi zinaelea katikati bila mshikaji, zinatoka kwa makundi, na utepe unakuwa nene-nyembamba-nene-nyembamba.

Lancashire ililijua hili kwa uchungu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ya kusini mwa Marekani ilipozuiwa bandarini, viwanda vililazimika kutumia ya Surat, fupi na yenye taka nyingi. Rola zilizopangwa kwa inchi moja hazikuweza kuishika. Zikasogezwa, kasi ikapunguzwa, na bado nyuzi zilikatika mfululizo huku wasokotaji wakilipwa kwa kiasi walichosokota. Mshindo wa vita hivyo ulifika hadi Zanzibar. Shuka ngumu isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, biashara iliyopata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, iliadimika sokoni na bei ikapanda. Jina lake unalijua bado: marekani. Uzi wake ulikuwa mnene kuliko huu wetu wa namba 36, lakini kanuni za kuvuta ni zilezile.

Hatua ya nne: fremu za mabawa

Utepe sasa ni sawasawa lakini mnene mno. Unapita kwenye fremu tatu, kila moja ikiupunguza unene na kuutia msokoto mdogo kwa bawa la chuma linalozunguka bobini, kile kigogo cha kuvingirishia uzi. Kwenye fremu ya pili na ya tatu tepe mbili zinaunganishwa kuwa moja, kwa hiyo ule mchanganyiko wa 216 unakuwa 864. Kinachotoka mwisho ni uzi mlegevu. Kwa kazi yetu tuseme ni namba 4.

Msokoto hapa ni wa kushikilia tu. Ukizidi, rola za nyumbu zitashindwa kuuvuta na utatoka na vinundu. Ukipungua, uzi mlegevu utanyooka kwa uzito wa bobini kabla haujafika kwenye rola. Kipimo cha mkono: shika kipande cha inchi tatu, vuta taratibu. Kiteleze na kuachana bila kelele. Kikikatika ghafla, msokoto umezidi.

Hatua ya tano: kuendesha nyumbu

Nyumbu mmoja alikuwa na pia zaidi ya 1,000, na msokotaji alisimamia wawili wanaotazamana, yeye akiwa katikati pamoja na waungaji wake: kijana mkubwa mmoja na mdogo mmoja au wawili, ambao aliwalipa kutoka kwenye ujira wake mwenyewe. Walifanya kazi bila viatu, kwa sababu sakafu ilikuwa imelowa mafuta na ina joto, na kiatu kinateleza.

Nyuma, juu ya kichanja, zimepangwa bobini za uzi mlegevu. Mbele yake kuna jozi tatu za rola. Mbele zaidi, juu ya reli, kuna gari refu lililobeba pia zote. Kila pia ni fimbo nyembamba ya chuma iliyolala kidogo kuelekea rola, inayozungushwa na kamba ya pamba kutoka kwenye ngoma ya bati. Kazi inakwenda kwa mzunguko wa sehemu tatu.

Gari linatoka. Rola zinavuta uzi mlegevu mara tisa, kwani namba 4 mara 9 ni 36, na gari linaondoka kwenye rola kwa kasi inayolingana huku pia zikizunguka. Uzi uko kwenye ncha ya pia. Kila mzunguko unateleza juu ya ncha na kuongeza msokoto mmoja. Safari ni inchi 64. Inchi 64 mara 22.5 ni mizunguko 1,440. Pia ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, safari inachukua kama sekunde 11.

Mwache gari atangulie rola kidogo tu. Msokoto hukimbilia penye wembamba kwanza na kupaimarisha, wakati penye unene pamebaki laini. Gari linapovuta, ni pale penye unene panaponyooka. Uzi unajirekebisha wenyewe ukiwa hewani, jambo ambalo ringi nilizofundishiwa mimi, mashine zinazosokota na kuvingirisha kwa wakati mmoja, haziliwezi, na ndiyo sababu Lancashire iling'ang'ania nyumbu kwa nyuzi nyembamba hata baada ya wengine kuhamia ringi.

Gari linasimama. Rola nazo zimesimama. Pia zinageuka kinyume mizunguko michache ili kuufungua uzi uliojizungusha kati ya ncha na gunzi, yaani ule mviringo wa uzi uliokwishavingirishwa, unaofanana kabisa na gunzi la mhindi. Waya mmoja mrefu unashuka na kuzielekeza nyuzi zote chini; waya wa pili unapanda kutoka chini yake ili kula ulegevu. Sikiliza hapa. Fundi mzoefu alijua kwa mlio kama mgeuko huu uko sawa.

Gari linarudi. Pia zinavingirisha ile inchi 64 kwenye gunzi. Hapa ndipo akili ya Roberts ilipo. Pia tupu inahitaji mizunguko mingi kumeza urefu uleule, gunzi nene linahitaji michache, kwa hiyo kasi lazima ibadilike kila gunzi linapokua. Aliweka mkono wa robo gurudumu wenye skrubu ndefu, na juu ya skrubu nati iliyoshika mnyororo unaozungusha pia. Anza na nati chini, karibu na kitovu. Gunzi linapoanza kunenepa, ipandishe kidogo kidogo. Ukiichelewesha, uzi unakazwa mno na kukatika karibu na mwisho wa safari. Ukiiharakisha, unalegea na kujikunja vitanzi kama nywele za kipilipili. Kitako cha gunzi kikishakamilika, nati haihitaji kupandishwa tena.

Kuunga uzi uliokatika

Una nafasi moja tu, nayo ni fupi: gari linapokuwa karibu kabisa na rola na ndio kwanza linaanza kutoka. Inama juu ya gari, usiliegemee. Kwa mkono mmoja chukua ncha ya uzi kutoka kwenye gunzi. Ipeleke mpaka iguse pamba inayotoka kwenye rola, usiizidishe kwa zaidi ya upana wa ukucha. Sugua mara moja kati ya kidole gumba na cha shahada kwa upande uleule wa msokoto, achia. Msokoto wenyewe utamaliza kazi. Ukisugua mara mbili, umetengeneza kinundu. Gari likishafika nusu ya safari, acha. Subiri zamu ijayo na utoe pamba iliyojizungusha kwenye rola kwa wakati huo.

Kusafisha manyoya chini ya nyuzi ilikuwa kazi ya watoto waliotambaa sakafuni gari likiwa linaenda na kurudi, na baadhi yao walibanwa. Sheria ya viwanda ya mwaka 1844 ilikataza mtoto kuwa kati ya sehemu inayotembea na isiyotembea ya mashine hizi wakati zinaendeshwa. Ukitaka kusafisha, simamisha. Hata ukiwa mtu mzima.

Hewa na kamba

Pamba kavu huchaji umeme, nyuzinyuzi zinasimama na kukataana, zinajizungusha kwenye rola. Lancashire ilibahatika kuwa na hewa yenye unyevu, na bado upepo mkavu wa mashariki ulipovuma wasokotaji walinuna. Funga madirisha, weka chumba na joto, ongeza mvuke. Lakini kumbuka kamba za pia nazo ni za pamba: hewa ikilowa zinakaza, ikikauka zinalegea. Kamba iliyolegea inateleza, na pia moja inatoa uzi laini wakati jirani zake ziko sawa. Gusa nyuzi kwa mgongo wa kidole ukitembea mbele ya gari. Ule unaozama kuliko wenzake, kamba yake ibadilishe.

Hatua ya mwisho: mizani

Magunzi yakijaa, simamisha, yatoe yote kwa mkupuo, anza upya. Sasa pima. Gurudumu la kupimia lina mzingo wa yadi moja na nusu. Zungusha mara 80, umepata yadi 120. Ziweke kwenye mizani ya greni, kipimo ambacho 7,000 zake hufanya ratili. Gawanya 1,000 kwa uzito uliopata, na jibu ndilo namba yako. Uzi wa 36 unapaswa kukupa greni karibu 27.8.

Tuseme mizani inasema 29. Hiyo ni namba 34.5, uzi umenenepa. Mkono utakwenda wenyewe kwenye gia ndogo ya kuvuta: kama ina meno 48, zidisha kwa 34.5, gawanya kwa 36, unapata 46. Ukiifunga ya meno 46, namba itarudi.

Usiifunge bado. Kata yadi 30 za uzi mlegevu kutoka bobini tatu nne tofauti, uzipime. Namba 4 inapaswa kuwa greni 62.5. Zikiwa 65, nyumbu wako hana kosa. Panda ngazi urudi kwenye fremu za mabawa. Huko kukiwa sawa, nenda kwenye fremu za kuvuta ukahesabu tepe zinazoingia, na kama ni sita, kapime mikeka. Gia ya 46 iache kabatini mpaka umalize.